Jinsi ya Kujiandaa kwa Usaili wa Mahojiano katika Utumishi wa Umma

Mtu aliyefaulu mtihani wa mchujo na kuitwa kwenye usaili wa mahojiano ameshavuka hatua iliyowaacha wengi nyuma, na mara nyingi hapo ndipo anapolegeza kamba. Anaamini kwamba kilichobaki ni kuvaa vizuri, kuzungumza kwa kujiamini na kumwachia Mungu. Waliowahi kuketi upande wa wasaili wanajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Kila msaili ana karatasi ya maswali yaliyoandaliwa mapema, yenye nafasi ya kuandika alama; msailiwa anapewa dakika chache, na nje ya mlango wako wengine wengi walioomba kada ileile, yaani aina ileile ya kazi, kwa shahada ileile. Jioni, wakati wa kujumlisha alama, hakuna anayekumbuka tai ya nani ilikuwa nzuri. Wasaili husoma walichoandika. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi ni kuhakikisha kwamba kila jibu lako lina jambo ambalo msaili anaweza kuliandika na kulitetea mbele ya wenzake, kama vile sheria iliyotajwa kwa usahihi, hatua za kazi zilizopangwa vizuri, au tukio ulilolishughulikia wewe mwenyewe.

Maelezo yafuatayo yanahusu hasa usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania, ingawa sehemu kubwa inamfaa pia mtu anayekwenda kusailiwa na kampuni au shirika lisilo la kiserikali.

Tangazo la kazi ndilo mtaala wako

Waombaji wengi hulisoma tangazo mara moja tu, siku wanayotuma maombi, na hapo wanachotafuta ni sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Unapoitwa kwenye usaili, lirudie upya na usome sehemu iliyoandikwa majukumu ya kazi, kwa kuwa maswali ya kitaalamu hutoka humo. Ni vyema ulihifadhi tangazo siku unayoomba, maana likishafungwa huenda usilipate tena kwa urahisi.

Tuseme umeomba nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II. Majukumu yatataja mambo kama kuandaa mpango wa ununuzi wa mwaka, kupokea na kutunza vifaa ghalani, na kuhakiki mali. Chukua daftari, andika kila jukumu juu ya ukurasa wake, kisha ujaze mambo matatu: kazi hiyo hufanyikaje hatua kwa hatua, inaongozwa na sheria au mfumo gani, na wewe umewahi kuifanya wapi. Kwa jukumu la ununuzi utaandika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, pamoja na NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, katika mwaka huohuo. Hapa ndipo wengi huumbuka. Msailiwa aliyesoma madaftari ya chuo peke yake atajibu kwa ufasaha mkubwa akiitaja Sheria ya mwaka 2011, ambayo imeshafutwa, na jopo litajua papo hapo kwamba hajafuatilia taaluma yake tangu alipomaliza mitihani. Hali ni hiyohiyo katika kada nyingine: kabla ya siku ya usaili, hakikisha kwamba kila sheria, kanuni na mwongozo unaokusudia kuutaja bado unatumika, na kwamba mwaka wake unaufahamu.

Jambo la tatu, lile la uzoefu wako mwenyewe, ndilo linalowatisha wahitimu wapya kwa sababu wanaona hawana la kusema. Mafunzo kwa vitendo ni uzoefu. Kujitolea katika ofisi ya kata ni uzoefu, na hata kusimamia duka la mzazi kunaweza kuwa uzoefu kama unajua kulieleza jambo kwa jicho la kitaaluma. Kinachotakiwa ni tukio moja lenye mwanzo, hatua ulizochukua na matokeo. Sikiliza tofauti iliyopo kati ya majibu mawili ya swali lilelile kuhusu utunzaji wa ghala. Wa kwanza anasema: "Mimi ni mtu makini, mwadilifu, na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Wa pili anasema: "Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ghala la hospitali ya wilaya, nilikuta kadi ya kumbukumbu za ghala inaonyesha maboksi 40 ya glovu ilhali rafuni yalikuwepo 31. Nilifuatilia hati za kutolea vifaa za wiki mbili, nikagundua kwamba maboksi 9 yalichukuliwa usiku kwenda wodi ya wazazi kwa maagizo ya mdomo. Nilimjulisha msimamizi wangu, tukaandaa hati, mkuu wa wodi akasaini, ndipo kadi ikarekebishwa." Huyu wa pili hakujisifu hata mara moja, lakini msaili ameshaandika mistari minne.

Baada ya tangazo, jifunze kuhusu taasisi yenyewe. Fahamu ilianzishwa kwa sheria ipi, iko chini ya wizara gani, inaongozwa na nani kwa sasa, na kitengo unachotaka kufanyia kazi kinamhudumia nani. Saa moja kwenye tovuti yake inatosha. Hakuna haja ya kukariri dira na dhamira neno kwa neno, ingawa ukiulizwa dhamira ya taasisi ukashindwa kuieleza hata kwa maneno yako, itakuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba unaitaka kazi hiyo hasa.

Nyaraka

Kuna watu huondolewa mlangoni kabla hawajaulizwa swali lolote, na sababu yake ni karatasi. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hueleza wazi kinachotakiwa: vyeti halisi kuanzia cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na cha sita, hadi stashahada au shahada kulingana na sifa za nafasi, pamoja na kitambulisho kinachotambulika, kama kile cha Taifa, cha mpigakura, hati ya kusafiria au leseni ya udereva. Hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti. Ikiwa cheti chako bado kiko chuoni kwa sababu ya ada au ya uzembe wa kutokifuata, kifuatilie sasa.

Tatizo jingine la kawaida ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha Taifa kina matatu, na shahada imebadilisha herufi moja ya jina la babu. Wewe unajua ni mtu yuleyule, lakini mkaguzi wa vyeti hana namna ya kujua. Panga nyaraka zako zote mezani siku utakayoiona orodha ya walioitwa, soma majina herufi kwa herufi, na palipo na tofauti tafuta hati ya kisheria ya kubadili au kuthibitisha majina mapema, kwa maana jambo hilo halimalizwi asubuhi ya usaili. Waliosoma nje ya nchi wanapaswa kuwa wamepata uthibitisho wa vyeti vyao kutoka mamlaka husika, yaani TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa stashahada na NECTA (Baraza la Mitihani) kwa elimu ya sekondari. Wenye taaluma zinazosajiliwa na bodi au mabaraza, kama wauguzi, wahandisi na wafamasia, waje na cheti halisi cha usajili pamoja na leseni iliyo hai.

Safari na siku yenyewe

Msailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Soma tangazo uone usaili unafanyika katika mkoa gani na katika jengo gani, kisha upange safari ili ulale katika mji huo usiku wa kuamkia usaili. Usaili mwingi umewahi kufanyikia Chuo Kikuu cha Dodoma, na mgeni asiyejua kwamba ndaki za chuo hicho zimetawanyika mbali mbali juu ya vilima huweza kushushwa kwenye ndaki isiyo yake, akabaki anatafuta bodaboda huku saa zikikimbia. Ukifika jioni, nenda kaone jengo. Ukilala kwa ndugu, mweleze mapema kwamba utatoka alfajiri, vinginevyo heshima ya kusubiri chai ya mwenyeji itakuchelewesha.

Kuhusu mavazi, mengi yameandikwa kupita kiasi. Nguo iwe safi, imepigwa pasi, ikutoshe, na uwe umeshaivaa kabla ili usigundue siku hiyo kwamba kiatu kinabana. Suti ya kuazima isiyokukaa vizuri hukusumbua kuliko shati jeupe na suruali nyeusi ulivyovizoea. Mwanamke anayevaa hijabu au kilemba avae kama kawaida yake. Manukato yawe kidogo, kwani chumba cha usaili mara nyingi ni kidogo na madirisha yamefungwa.

Unaposubiri nje, huwa kuna mazungumzo mengi: aliyetoka anaeleza alichoulizwa, mwingine anadai kwamba nafasi zina wenyewe, na wa tatu anafungua madaftari na kuanza kuhoji wenzake. Kaa pembeni. Swali ulilolisikia likajibiwa vibaya kwenye korido litakuganda kichwani hadi ndani.

Ndani ya chumba

Zima simu kabisa kabla ya kuingia, kwa sababu mtetemo mfukoni nao husikika. Bisha hodi, ingia, ufunge mlango bila kuubamiza, na usalimie jopo zima mara moja. Kama walio mbele yako ni watu wazima, "shikamooni" ni salamu inayofaa. Kama jopo limechanganyika au baadhi yao ni rika lako, "habari za asubuhi" inatosha na haimvunjii mtu heshima. Usianze kuzunguka meza ukimpa kila mmoja mkono isipokuwa wao wenyewe wameunyoosha. Subiri ukaribishwe kiti, shukuru, kisha ukae ukiwa umenyooka, na mikono ionekane.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni la kukutaka ujieleze. Usianze na mahali ulipozaliwa wala kwamba wewe ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Jopo linataka kujua wewe ni mtaalamu wa namna gani. Dakika moja na nusu inatosha kwa mambo manne: elimu yako ya juu kabisa, mahali ulipoifanyia kazi elimu hiyo, jambo moja uliloweza kulifanya huko, na uhusiano wa hayo yote na nafasi unayoomba. Jibu hili pekee ndilo linalostahili kufanyiwa mazoezi kwa sauti mbele ya mtu, maana ukilianza vizuri mapigo ya moyo hutulia na maswali yanayofuata yanakukuta ukiwa umetua.

Maswali ya kitaalamu yakianza, sikiliza hadi mwisho. Swali refu mara nyingi lina sehemu mbili au tatu, na anayejibu sehemu moja kwa mbwembwe anapata alama za sehemu moja. Ukiulizwa utaje hatua tano, hesabu kwa sauti: kwanza, pili, tatu. Ni utaratibu wa kishule kidogo, lakini unamsaidia anayeandika. Usipoelewa, omba swali lirudiwe. Usipojua jibu kabisa, sema kwamba hulifahamu, kisha ueleze ungelitafuta wapi; kisha nyamaza. Kuzunguka kwa dakika tatu hakuleti alama, kunakula tu muda wa swali ambalo ungeliweza.

Maswali yanayotenganisha watu zaidi ni yale ya kukuweka kwenye tukio. Mfano unaoweza kutolewa kwa afisa ugavi ni huu: mzabuni ameleta kompyuta 10 badala ya 12, na mkuu wako anakuagiza usaini kwamba umepokea zote kwa kuwa mbili zitaletwa kesho. Kijana mwenye adabu hupata shida hapa, kwa sababu kukataa agizo la mkubwa kunaonekana kama utovu wa nidhamu mbele ya watu wazima wanaomsikiliza. Wengine huruka upande wa pili na kutangaza kwamba watampeleka mkuu huyo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, siku hiyohiyo. Jibu lenye uzito hupita katikati, likishikilia utaratibu. Unaeleza kwamba kamati ya ukaguzi na mapokezi ndiyo inayothibitisha vifaa. Kwamba hati ya mapokezi itaandikwa kompyuta 10, pamoja na maelezo kuwa 2 hazijafika. Kwamba mzabuni atajulishwa kwa maandishi na malipo yatafanyika kwa kilichopokelewa tu. Kwa mkuu wako unakwenda ofisini kwa heshima, unamweleza athari ya kiukaguzi inayoweza kumpata yeye na ofisi, na akisisitiza unaomba agizo hilo liwe la maandishi na kumjulisha aliye juu yake kwa njia za kiofisi. Kwa jibu hilo jopo linaona taaluma, heshima na msimamo kwa pamoja, na kila kimoja kina mstari wake kwenye karatasi.

Lugha nayo huwaangusha watu wenye uwezo. Jiandae kujieleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hasa kwa istilahi za kada yako, na ufuate lugha ambayo jopo limekuuliza. Kama umeruhusiwa kuchagua, chagua ile unayofikiria kwayo. Kiingereza cha kukariri hujulikana upesi, kwa sababu swali la nyongeza likija sentensi hukatika.

Ukiulizwa udhaifu wako, taja wa kweli usiogusa kiini cha kazi, na useme unachofanya kuurekebisha. Jibu la kwamba udhaifu wako ni kufanya kazi kupita kiasi limesikika mno, na sidhani kama kuna msaili anayeliamini.

Maswali ya mshahara na maswali yasiyostahili

Katika utumishi wa umma mshahara umeshatajwa kwenye tangazo kwa ngazi yake, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Kwenye kampuni utaulizwa unategemea kiasi gani, na hapo ni muhimu kujua tofauti ya mshahara ghafi na kinachoingia benki. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vinavyotumika Tanzania Bara tangu Julai 2021, mtu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anayechangia asilimia 10 kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukatwa 100,000 za mchango, kisha kodi ya 103,000 kwenye 900,000 zinazobaki, akabaki na 797,000. Kama ni mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000 nyingine, na mkononi zinabaki 647,000. Piga hesabu hii kabla hujataja kiasi, ujumlishe nauli na kodi ya nyumba ya mji unaokwenda, na useme wazi kwamba unataja mshahara kabla ya makato.

Wapo wasaili, hasa katika ofisi ndogo, wanaomuuliza mwanamke kama ni mjamzito au ataolewa lini, au wanaodadisi kabila na dini ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na ulinzi huo unamhusu pia mwombaji wa kazi. Pale mezani, njia iliyo salama ni kurudisha mazungumzo kwenye kazi kwa utulivu: "Naomba kukuhakikishia kwamba hakuna jambo la kifamilia litakalonizuia kutekeleza majukumu haya." Ukiombwa fedha au rushwa ya ngono ili upate nafasi, hayo ni makosa ya jinai, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Anayekupigia simu akidai yumo ndani ya Sekretarieti na kwamba jina lako litapita ukimtumia fedha ni tapeli; maombi na usaili havilipiwi.

Kumaliza, na baada ya hapo

Mwishoni jopo linaweza kukuuliza kama una swali. Uliza moja linalohusu kazi, kwa mfano kitengo kina watumishi wangapi au ni kazi gani inayosubiri kwanza atakayeajiriwa. Likizo na posho visubiri barua ya ajira. Kama huna swali, sema huna, shukuru na utoke kwa utaratibu uleule ulioingia nao.

Siku hiyohiyo, kabla hujapanda basi, andika maswali yote uliyoulizwa na yale yaliyokushinda. Usaili wa kada moja hurudia maeneo yaleyale, na daftari hilo litakufaa zaidi ya madokezo yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyesailiwa na kampuni anaweza kutuma barua pepe fupi ya shukrani kesho yake. Kwa Sekretarieti hakuna haja, fuatilia tu akaunti yako ya mtandaoni uliyoombea kazi na matangazo yao. Kukosa jina kwenye orodha ya kwanza ya wanaoitwa kazini hakumaanishi kwamba umefeli, kwa kuwa waliofaulu lakini nafasi zikawa chache huhifadhiwa kwenye kanzidata na huweza kupangiwa vituo nafasi zinapopatikana. Kwa sababu hiyo usibadilishe namba ya simu bila kuirekebisha kwenye akaunti, na vyeti halisi vikae mahali unapoweza kuvifikia.